Dagaa kwenye Uwanja wa Fainali

Sebuleni kwetu Butimba, Mwanza, kulikuwa na uzi wa nyavu uliofungwa msumari hadi msumari, na kwenye uzi huo ilining'inia mipira ya tenisi. Mgeni akiingia alidhani ni mapambo ya Krismasi tuliyosahau kuyashusha. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mama na kitambaa chake cha vumbi. Kila mpira ulikuwa wa fainali moja ya mashindano yaliyochezwa kila mwezi wa nane kwenye viwanja vya saruji vya klabu, kule chini ya mji, ukingoni mwa ziwa. Baba alikuwa mtunza viwanja. Fainali ikiisha aliomba mpira uliopigwa mwisho, akautoboa kwa njiti ya mwavuli na kuupitisha kwenye uzi.

Aliyetaka kujua historia ya mashindano yale angeanzia mlangoni na kwenda kulia. Mipira ya kwanza ilikuwa na upara kabisa. Hiyo ni miaka ya foleni za sabuni na sukari, wakati mashindano mazima yalichezwa na mipira mitatu, baba akiianika juani kila asubuhi ili ipate kuruka, na raketi zikisukwa kwa uzi wa kuvulia sangara. Wachezaji walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, maofisa wa serikali na daktari mmoja aliyetukana kila akikosa. Mshindi alipewa kikombe, akakirudisha mwaka uliofuata.

Halafu ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Kwenye ule uzi unaiona waziwazi: ghafla mipira inakuwa ya njano, ina manyoya, imetoka kwenye kopo linalofanya fyuu likifunguliwa. Viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vimeota pembezoni mwa ziwa, na kimoja kikaamua kutoa zawadi ya fedha. Wakaanza kuja watu ambao kazi yao ni tenisi tu, kutoka Nairobi na Kampala, wakiwa na raketi sita kila mmoja. Baba alishangaa kuliko sisi sote. Mtu mzima, ana mke na watoto, anakula kwa kupiga mpira! Aliizungumzia habari hiyo mwaka mzima.

Tangu zawadi zianze hakuna mtu wa Mwanza aliyewahi kufika fainali. Mpaka mwaka ninaousimulia, alipofika fundi baiskeli mmoja wa Igoma. Alijifunza kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa ghala la pamba lililofungwa, na mwaka ule alikuwa amefunga kibanda chake ili ajaribu kuishi kwa mchezo. Akishinda, kiwanda kingempeleka kushindana Nairobi. Asiposhinda, anarudi kuziba pancha. Mji mzima ulilijua hilo. Baba alikwishapigilia msumari mpya ukutani kuongeza uzi. "Mwaka huu tunatundika wa nyumbani," alisema.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana umenikaa kooni muda mrefu.

Klabu ilikuwa na viwanja vitatu. Viwili vilichezewa kila siku. Cha tatu kiliitwa Uwanja wa Fainali, na baba alikifunga kwa kufuli wiki mbili kabla. Alikipaka rangi ya kijani aliyochanganya mwenyewe, akakiosha kwa maji ya ziwa na ufagio laini, bila sabuni, na baada ya hapo hakukanyaga hata paka. Siku ya fainali alivua viatu, akatembea peku kutoka mstari hadi mstari, akiisikiliza saruji kwa nyayo. Akiridhika, aliinua mkono, watu wakapiga makofi. Ndivyo fainali ilivyofunguliwa.

Mama alikuwa mwanika dagaa. Yeye na wenzake walikuwa na mawe yao pale ufukweni, yale mapana ya kwetu, na dagaa wa mawe ni safi. Mwaka ule kiwanda kikazungushia uzio sehemu ile, mawe yakabaki ndani. Wakahamia mchangani. Kukatokea mnunuzi mwenye lori, anapeleka mzigo mbali, akachota dagaa wa mama kiganjani, akatafuna mmoja, akatema. Alisema mchanga hanunui, atarudi kesho kutwa.

Baba alikuwa ameenda msibani Majita. Alivaa ufunguo wa Uwanja wa Fainali shingoni, lakini wa akiba ulikaa kwenye kopo la maziwa, na aliyeujua ni mimi.

"We mwalimu," mama aliniambia asubuhi ile, "hebu niambie. Ule uwanja wa baba yako unafanya nini leo?"

"Umelala, mama."

"Umelala. Na jua lote hili. Saruji safi, imefungwa, haina kuku wala mbwa. Mchana mmoja tu, mwanangu. Jioni tunafagia, tunaosha, nani atajua?"

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nianze kufundisha shule ya msingi, likizo yangu ya kwanza, nikijiona nina akili nyingi kuliko mji wote. Ningeweza kusema hapana. Nilichukua kopo la maziwa, nikautoa ufunguo.

Walikuja wanawake watano na mkokoteni. Tuliwatandaza dagaa mstari hadi mstari, na nakiri ilipendeza, uwanja mzima unameta fedha. Yangeyange, wale ndege weupe, walikuja, tukawafukuza kwa kanga. Jioni tulikusanya mzigo wote katika lundo moja karibu na wavu, tukaujaza kwenye magunia. Mnunuzi alitafuna, akameza, akachukua. Kesho yake tulisugua saruji kwa sabuni ya mche na majivu, kisha kwa ndimu. Ilionekana mpya. Nilinusa nikiwa nimepiga magoti, nikasikia ndimu tu, nikajipongeza!

Baba alirudi mkesha wa fainali. Alisimama kwenye lango, akavuta hewa.

"Nani kaosha?"

"Ni mimi, baba. Nilitaka usikute kazi."

"Ahsante, mwanangu," alisema. Hakuna kofi lililowahi kuniuma kama ile ahsante.

Mwamuzi wa fainali nilikuwa mimi. Msishangae. Nilikulia pale, nilijua sheria zote, na kamati ilipenda sauti ya mwalimu. Nilikaa kwenye kiti kirefu pembeni ya wavu, na toka kule juu nilimwona baba akivua viatu. Kulikuwa na mawingu, saruji ilikuwa ya baridi. Alitembea taratibu, akafika kwenye wavu, akasimama kidogo, akaendelea. Aliinua mkono. Watu wakapiga makofi, mama akiwa miongoni mwao, na mimi nikashusha pumzi.

Fundi wa Igoma alikuwa anacheza na bingwa wa Kampala, aliyekuwa ameshinda miaka miwili mfululizo. Seti ya kwanza fundi aliichukua kama mtu anayekunja nguo. Sikuamini macho yangu. Uwanja ulijaa, watu wamepanda mpaka kwenye mawe ya nyuma, wauza karanga wamesahau kuuza. Katikati ya seti ya pili mawingu yakafunguka. Jua la saa nane la mwezi wa nane linashuka wima, unalijua kama umewahi kuishi kwetu.

Ikafika michezo mitano kwa minne. Nikatangaza: "Arobaini kwa kumi na tano." Pointi moja tu, na Mwanza ina bingwa.

Hapo ndipo nilipotazama chini. Karibu na wavu, upande wa fundi, pale tulipolundika mzigo, saruji ilikuwa inang'aa. Doa pana kama mkeka lilikuwa limetoka, limelowa, na halikuwa maji. Mafuta ya dagaa yalikuwa yameingia ndani ya saruji, yakalala huko siku zote hizo, na sasa jua limeyaita. Nilijua ninachokiona. Mwamuzi ana haki ya kusimamisha mchezo kwa neno moja. Neno lilifika mdomoni. Nikaona uso wa baba, nikaona uso wa mama, nikawaza, pointi moja tu.

Bingwa wa Kampala akadondosha mpira mfupi nyuma ya wavu. Fundi akaukimbilia.

Miguu ilimtoka yote miwili. Alianguka kifudifudi, goti likageukia upande ambao goti haligeukii, na sauti yake niliisikia mimi na yule bwana wa Kampala kabla ya watu wengine. Halafu kimya. Umati wote ule, na nikasikia mawimbi ufukweni. Nilikuwa nimeganda juu ya kiti, mkono bado umeshika penseli.

Walimbeba juu ya meza. Kamati ikaingia uwanjani, mwenyekiti wa klabu akapitisha kiatu juu ya doa, naye nusura aanguke. "Hiki ni nini?" alipiga kelele. "Mzee, hiki ni nini?"

Baba alikuja peku. Alipiga magoti, akasugua kiganja kwenye saruji, akakipeleka puani. Kisha akainua macho. Hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi, kule juu, muda mfupi sana.

"Kosa langu," alisema. "Rangi. Nilizidisha mafuta kwenye rangi."

Nilisubiri nijisikie nikisema kitu. Sikusema. Mama, kule kwenye umati, alijifunika kanga mdomoni, naye hakusema. Kabla ya jua kuzama baba alikuwa hana kazi, baada ya miaka ishirini na moja. Mashindano mwaka uliofuata yakahamishiwa mji mwingine, na hayajarudi Mwanza mpaka leo. Viwanja vile watu walikuja kuviegeshea malori.

Nyumbani baba hakuuliza. Huo ndio mzigo nilioishi nao. Nilingoja aniulize usiku ule, nikangoja wiki, nikangoja mwaka. Alitoboa mpira wa mechi ile isiyokwisha, akautundika kwenye msumari mpya, akaenda kumsaidia mama mchangani. Nikaanza kujiambia kwamba pengine kweli anaamini ni rangi yake. Mtu akitaka kulala hujiambia mengi. Fundi alirudi Igoma na goti lisilokunjika, akafungua kibanda chake. Nikipita mbele yake, barabara ya Musoma, nilitazama upande wa pili.

Baba alifariki mimi nikiwa mwalimu mkuu, nina mvi. Siku ya mazishi nilibaki sebuleni peke yangu, watu wakiwa nje kwenye maturubai, nikasikia mguu unaoburuzwa sakafuni. Alikuwa fundi. Amenenepa, ana suti ya kubana. Alisimama mbele ya ule uzi, akaufuata kutoka mlangoni kwenda kulia, mpaka mwisho.

"Huu ni wangu," alisema.

"Ni wako."

"Mzee alikuwa anakuja kwangu kila mwezi wa nane, unajua? Kila mwaka. Anakaa kwenye benchi pale, ananiomba msamaha. Namwambia, mzee, inatosha. Mwaka unaofuata huyo anakuja."

Sikuweza kuvumilia tena. Niliketi. "Haikuwa rangi," nikamwambia. "Tulianika dagaa. Ufunguo niliutoa mimi."

Alinitazama kama vile nimemwambia ziwa lina maji.

"Mwalimu, mimi nilianguka kifudifudi. Pua yangu ilikuwa kwenye saruji. Mimi mtu wa Mwanza nisijue dagaa?"

Akaugeukia ule uzi tena.

"Mzee alikuja hospitali kesho yake asubuhi. Alipiga magoti pale kitandani, mzee mzima, mpaka nikaona aibu. Akasema, binti yangu ana miezi mitatu tu kazini, na mama yake atatengwa na mji mzima. Acha iwe rangi. Nikasema sawa, iwe rangi."

Miaka yote hiyo! Wanaume wawili wamekaa kwenye benchi Igoma, kila mwaka, mmoja akiomba radhi, mwingine akisamehe, kwa ajili ya rangi ambayo wote wawili wanajua haikuwa na kosa, ili mimi niende shuleni na chaki yangu. Nililia kwa sauti, mpaka dada mmoja akachungulia mlangoni akidhani ni msiba tu. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hata baba hakulijua. Nilijua nisiposema wakati ule sitasema kamwe.

"Niliona," nikamwambia. "Kabla hujakimbia. Niliona mafuta yanang'aa, nikajua ni nini, na sikusimamisha mchezo."

Alinyoosha mkono, akaushika ule mpira bila kuung'oa, akaugeuza kidogo. Nje waliita kwamba wakati umefika, wanaume waje kubeba. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane.

"Arobaini kwa kumi na tano," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Hata mimi niliyaona, mwalimu."

Aliuachia mpira, ukabembea, ukagonga wenzake. Kisha akatoka, akiburuza ule mguu, kwenda kumbeba baba yangu.