Mama Aliponiambia Maziwa Yananuka

Nakumbuka asubuhi moja, Mwanangu, ambayo nimejaribu kuihama kama nilivyohama miji na kazi, na kila ninapotua naikuta imenitangulia. Sasa nimepita miaka arobaini. Nimeishi Fort Ternan, nimeishi Mulot, nimeishi mahali pengine ambapo hata majina yamenitoka, lakini bado nikiona mtu anamimina maziwa kwenye galoni, moyo unanienda mbio.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, nangojea kazi nyumbani katika milima ya chai kati ya Kericho na Bomet. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga chai ikabaki vijiti. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na pasipo majani hakuna kilo, kwa hiyo kambi ya wachumaji, wengi wao watu wa kutoka Kisii, ililala njaa. Mvua hiyo hiyo, ng'ambo ya mto, iliotesha nyasi hadi magotini na ikakata barabara. Ng'ombe walitoa maziwa mengi na lori la kuyachukua halikuweza kufika. Wafugaji walikuwa wakiyamwaga mtaroni.

Sisi vijana wa kanisani tukajitolea kuyakusanya na kuyapeleka kambini. Nilipewa punda, mikebe miwili na njia yangu.

Siku ya tatu, nyumbani kwa bibi mmoja tuliyemwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, maziwa yalizidi mikebe. Kogo aliponiachia kibuyu cha mwisho mlangoni akarudi jikoni, nikaona galoni nyuma ya ghala la mahindi. Nikaisuza mara mbili kwa maji ya mvua, nikaijaza. Sikumwuliza. Nilijiambia kwamba si vizuri kumsumbua mzee kwa jambo dogo. Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana nimeleta mengi kuliko wenzangu.

Kambini nilipima kikombe kwa kikombe. Galoni ilitosha nyumba saba za mwisho. Kwenye ile ya saba aliishi Mama Nyaboke, na binti yake Nyaboke wa miaka miwili alikuwa mgongoni. Alinusa sufuria, akakunja uso.

"Dada, haya yananuka."

Nikacheka. Wakipsigis husugua vibuyu vyao kwa mkaa, na maziwa hushika harufu ya moshi, na watu wa kambi walikuwa wamenitania kwa hilo tangu siku ya kwanza.

"Ni moshi wa kibuyu, mama. Utazoea."

"Moshi naujua. Huu si moshi."

"Basi yaache. Wako wengine wanaoyataka."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, Mwanangu. Mama Nyaboke aliingia ndani na sufuria yake.

Nilirudi kwa Kogo nikiimba, nimrudishie galoni. Aliiona mkononi mwangu kabla sijamsalimu.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Nyuma ya ghala, Kogo. Niliiosha."

"Ukatia nini?"

"Maziwa, Kogo. Nimeyagawa kambini."

"Wewe mtoto! Hiyo ilikuwa ya dawa ya kupe, ya kuogeshea ng'ombe. Niliiweka kule nikingoja mtu wa kunichimbia shimo niizike." Alinisukuma begani. "Kimbia. Usisimame hapa kuniomba msamaha."

Nilimwacha punda pale pale. Njia ilikuwa matope matupu, nilianguka mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Nilikuwa nikijiuliza nani ana jiko lililowaka na nani bado anatafuta kuni. Sijawahi kuomba kuni zilowe kama nilivyoomba siku hiyo.

Na nilipofika, unajua nilifanya nini? Niliona aibu. Kwenye mlango wa kwanza nilisema, "Mama, nilikosea kipimo. Naomba unirudishie, nikagawe upya."

"Haya, mwoneni!" akawaita jirani zake. "Asubuhi anatupa, mchana anatunyang'anya. Hata kanisa lina madalali!"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilisimama pale nikicheka huku moshi wa jiko ukitoka nyumba ya saba. Nilipouona ndipo sauti iliponitoka.

"Msinywe! Mwageni! Galoni ilikuwa na dawa ya kupe, ni mimi nimekosea!"

Sufuria sita zilimwagwa, nyingine na uji wake ndani. Mama Nyaboke alikuwa mlangoni, mtoto ameinama mkononi mwake anatapika.

"Nimempa," alisema. "Ulisema ni moshi."

Tulimkimbiza zahanati, tukipokezana kumbeba. Muuguzi alimchukua, nasi tukakaa kwenye benchi. Jua lilihama kutoka magotini petu hadi ukutani. Nilisikiliza kila pumzi nyuma ya pazia. Ikikawia, yangu nayo ilikwama. Alasiri ilipokuwa inaisha, Nyaboke alilia kwa hasira akitaka kushuka kitandani. Muuguzi akasema hakuwa amenywa mengi, apumzike.

Mama yake ndipo aliponigeukia.

"Kesho maziwa yatakuja?"

Nilidhani ananisuta. "Sidhani watu watayapokea, mama."

"Watoto hawajala. Lete. Lakini kila mkebe nitaunusa mimi kwanza, mbele ya watu. Nikisema hapana, unamwaga, na husemi neno."

Ndivyo tulivyofanya mpaka chai ilipochipua. Nyumba mbili hazikunifungulia tena, na sikuzilaumu.

Kwa hiyo sikiliza, Mwanangu. Ukijitolea kuokoa chakula kisimwagwe, kazi yako haijaisha kwa kukibeba. Uliza chombo kilikuwa na nini, hata kama mwenyewe ni mzee na wewe una haraka. Anayepokea bure ana haki ya kukataa sawa na anayenunua dukani, na akikuambia kuna kasoro, weka chini ulichobeba umsikilize. Na ukikosea, sema kweli mlango wa kwanza. Aibu yako itapita. Mtoto wa mtu akipita harudi.

Nenda, Mwanangu. Mungu ailinde mikono yako isimdhuru yeyote unayemhurumia, na akupe watu wa kukuambia hapana, na moyo wa kuwashukuru.