Logbook ilisema naweza kutoa bandama: siku niliyosimama upande wa kulia, Tarime

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yalinikuta mwenyewe na sitapunguza kitu, hata panaponiaibisha.

Ilikuwa enzi za rashi ya dhahabu, watu wanakimbilia machimboni. Nasomea ubingwa wa upasuaji, chuo kikanipeleka mazoezi hospitali moja ndogo Tarime.

Kule niliishi kama niko ndotoni. Vumbi la mawe yanayosagwa lilitua kwenye migomba mpaka majani yakawa na rangi ya unga. Nilikuwa nakaa barazani naangalia tu.

Sasa, chuoni tuna logbook, daftari la kuorodhesha upasuaji uliofanya. Ukifanya upasuaji, bosi anasaini. Ila tulikuwa na mchezo wetu: umeshika tu vyuma vya kupanua kidonda, unaandika "nimefanya", bosi ana haraka, anasaini. Yangu ilijaa, nikajiona bingwa tayari.

Mchana mmoja akaletwa Mwita, mchimbaji wa Kemambo. Duara, yaani shimo la dhahabu, lilimporomokea. Presha inashuka, tumbo limejaa damu, bandama imepasuka. Mama yake yuko nje kwenye benchi.

Mpasuaji mzoefu pale alikuwa Mzee Chacha, daktari msaidizi asiye na ubingwa wowote. Alishaiona logbook yangu, imo hata bandama, akanielekeza nisimame kulia kwa mgonjwa. Kulia husimama mwenye kisu.

Nikasimama. Taa ikawa nyeupe mno, sauti zikaenda mbali, nikawa kama naelea. Niliogopa wakuu, niliogopa hasa.

"Shikamoo mzee," nikasema, na asubuhi nilishamwamkia. "Bandama sijawahi kutoa. Nimeangalia tu."

Nikangoja anifukuze.

"Baki hapo hapo," akasema. "Mkono wangu utakuwa juu ya wako."

Akakipeleka kidole changu taratibu hadi kwenye mshipa, nikausikia unadunda. Tukaufunga pamoja, bandama ikatoka. Miaka yote ya residency, masomo haya ya ubingwa, hakuna aliyenifundisha hivyo.

Siku ya tatu Mwita anakunywa uji. Mama yake akanishika mlangoni mwa wodi, akauliza kama ni mimi niliyempasua mwanawe. Nilitamani mno kusema ndiyo.

"Tulikuwa wawili, mama. Mimi nilikuwa najifunza."

Akanitazama sana. "Basi jifunze vizuri, baba. Wadogo zake wawili bado wanashuka shimoni."

Nilichojifunza: sahihi haizuii damu. Bingwa anatengenezwa na mtu anayesimama naye pale mezani, na mwanafunzi anayethubutu kusema sijui.

Ma-resident, na mabosi mnaosaini mkitembea, uwanja ni wenu. Hata kunisema, nisemeni.