Goli la Jumapili Iliyopita

Jumamosi, kwenye mgahawa mmoja wa Kizwite hapa Sumbawanga, mzee mwenye koti zito lililojaa vumbi la unga wa mashineni alimwomba mwenye mgahawa abadilishe chaneli. Timu yetu ya taifa ya raga ya wanawake ilikuwa inaanza mashindano ya kimataifa.

"Shikamoo mzee," akasema kijana wa meza ya jirani. "Hao si watapigwa tu?"

"Marahaba. Watapigwa, wenzao wameanza utotoni. Lakini binti yangu yumo. Nataka nimwone akikimbia."

Mwenye mgahawa akatugeukia, rimoti mkononi. "Wanaotaka raga?"

Ukanyooka mkono mmoja, wa mzee. Tukabaki na mpira wa Ulaya, tena marudio ya Jumapili iliyopita. Goli tulilokwisha kuliona tukalishangilia kwa kusimama. Mzee akamalizia chai yake, akafunga vifungo vyote vya koti, akatoka kwenye baridi.

Jumatatu tulikuwa palepale, tukilalamika kwamba timu zetu za taifa hazijitumi. Nikauliza raga iliishaje. Wakanitajia, hadi dakika ya goli, matokeo ya Ulaya.