Nilivyomkimbia mama mkwe kwenye trail ya Dallas

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenitokea mwenyewe, na sina haja ya kuongeza chumvi maana aibu yenyewe inatosha.

Niko Dallas, mwaka wa pili huu. Kabla ya hapo nilikuwa machinga Kariakoo, nauza mikanda. Mnayajua maisha yale, mgambo hawana salamu. Mbio kwanza, maswali baadaye.

Sasa mama yake Neema akaja kututembelea kutoka Moshi. Neema ni mchumba wangu, nesi, anaishi Mesquite, mji wa jirani. Aliniambia wazi: "Mama akikukataa, mimi na wewe basi." Jumamosi akawa na shift, akanikabidhi mama nimtembeze.

Nikampeleka kwenye trail moja ya lami. Zamani ilikuwa njia ya treni, reli zikang'olewa, siku hizi watu wanafanyia mazoezi. Imenyooka, miti huku na huku, hakuna magari. Mama kavaa kitenge na raba za Neema, ananiuliza treni ilihamia wapi. Nikajiona mkwe bora kuliko wote Texas.

Nikainama kufunga kamba za kiatu.

Nikasikia kishindo. Nainua kichwa, naona kundi zima la Wazungu linatujia mbio, macho yamewatoka, jasho linatiririka, mmoja anapiga kelele. Wakuu, akili ilirudi Kariakoo bila nauli. Niligeuka nikatoka nduki!

Sikuuliza. Sikuangalia pembeni. Macho chini, kamba moja inaburuzika.

Nilipoishiwa pumzi ndipo nikakumbuka: mama! Wale watu wakanipita, mmoja akaninyooshea dole gumba, "Good job, man!" Kumbe ni klabu ya mazoezi. Nikatazama nyuma nilikotoka, mama hayupo. Nilitaka kulia, kweli. Neema ningemwambia nini?

Nikageuka mbele. Mbali kule, kitenge kinapepea.

Kumbe mama alianza kabla yangu!

Nikamkuta kakaa kwenye benchi, anahema, raba moja mkononi. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Nisamehe wewe, baba, nimekuacha umeinama. Nimeuza mitumba sokoni miaka mingi. Watu wakikimbia, mimi sisubiri tangazo." Akanishika mkono. "Neema asijue."

"Hatajua, mama."

Jioni Neema akauliza matembezi yalikuwaje. Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu: "Huyu ndiye mkwe. Mimi na yeye nia yetu moja." Chai ikanipalia.

Posa imepokelewa, wakuu.

Nilichojifunza: kabla ya kumpeleka mgeni trail, mweleze kwamba huku watu wanakimbia bila kufukuzwa.

Haya, semeni kweli, ungekuwa wewe ungemsubiri mkwe? Na mnaojifanya mashujaa karibuni pia, tuwacheke kidogo.