Nimemlilia mama kwenye kaburi la mzee aliyegombana naye kwa ajili ya mbuzi

Wakuu, kwema?

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi. Mchango wangu mkubwa mpaka leo umekuwa kugonga like na kubishana kuhusu mpira. Leo nina langu. Anayetafuta chai, yaani stori ya kutunga, atanisamehe, hapa kuna maji ya moto tu, majani sikutia wala sukari.

Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji. Jueni tu kipo njia ya kwenda Mvumi. Mimi naishi Dodoma mjini, ofisi yangu ya serikali ipo Mtumba, na kazi yangu kubwa ni vikao.

Hilo la vikao mlishike, nitalirudia.

Mama yangu alifariki mwaka juzi, mvua zimeshika na uwele umefika magotini. Alikuwa mjane, mkulima, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, na mtu wa kupiga simu. Kila Alhamisi akitoka mazoezi ya kwaya ananipigia, anaulizia wajukuu, analalamikia mbuzi za jirani, anakata.

Alhamisi ya mwisho alipiga, nikapokea, nikamwambia, "Mama, niko kikaoni, nitakupigia."

Wakuu, sikuwa kikaoni. Nilikuwa na washkaji tunasubiri nyama iive. Ijumaa sikupiga, Jumamosi nikasahau, Jumapili asubuhi mama mdogo akanipigia analia.

Hicho ndicho nilichobaki nacho kifuani. Yote mtakayoyasoma hapa chini yametokana na hiyo simu.

Sasa mjue ukoo wetu. Mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo likitokea lolote mimi ni mwenyekiti. Harusi mimi, ubarikio mimi, kikao cha kumuonya shemeji mimi. Basi nikawa mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya mama yangu mwenyewe.

Na kamati ilipiga kazi, siwafichi. Mahema, viti vilivyovalishwa vitambaa, MC, ratiba ya kurasa nne za rangi, na drone. Drone lilikuwa wazo langu, ili mdogo wangu aliyeko ughaibuni aone live. Kwenye ratiba, wasifu wa marehemu ulipewa dakika tano na utambulisho wa wageni ukapewa dakika arobaini. Wageni wenyewe walikuwa wa kwangu wote, mama hakuwahi kumjua hata mmoja.

Jeneza linashushwa, mwenyekiti yuko wapi?

Nyuma ya mahema kule mbali, nagombana na mtu wa jenereta kwa sababu spika zinakatakata. Narudi nakuta wameshafukia, mashada yamepandana, watu wamesongamana, na MC anamuita "mwenyekiti wetu shupavu" aje aweke shada. Nikaweka langu juu ya mashada ya wenzangu. Udongo wenyewe sikuuona.

Sikulia pia. Watu wakanisifu kwamba nimejikaza kiume. Ukweli ni kwamba ratiba ilikuwa imechelewa.

Mwaka mzima sikurudi kule. Nilikuwa busy, na nikiwa sina la kufanya nilikuwa natafuta la kufanya.

Mwaka ulipotimia, ukoo ukasema tujenge kaburi na tulizindue kwa ibada. Mnajua mambo ya siku hizi. Kuna nyumba kule kijijini mtu analala kwenye sakafu ya udongo, lakini marehemu wake yuko chini ya tiles zinazong'aa mpaka kuku wanateleza. Na sisi, watu wenye mwenyekiti, tungebakije nyuma?

Wiki moja kabla ya ibada nikaenda na fundi kutoka mjini.

Makaburi ya kijiji kile hayana uzio. Misalaba ni ya mbao, na anayeijua Dodoma anamjua mchwa wa Dodoma, haheshimu dini ya mtu. Mashada yalishaliwa na mbuzi zamani. Mvua zilipita, upepo ukapita. Upande ule aliozikwa mama tulikuta matuta matatu yamepangana, hayana jina, hayana msalaba.

Fundi akatua ndoo yake. "Bosi, ni lipi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sijui. Nyumba ya karibu ilikuwa pale pale, moshi wa jikoni nauona. Lakini nikaulize vipi? Nibishe hodi niseme samahani jamani, yule mama yangu mlimzika wapi, na mimi ndiye niliyesimamia mazishi? Mwenyekiti hasemi sijui.

Nikakumbuka video ya drone. Nikatoa simu, nikaiangalia yote nikiwa nimesimama juani. Ni mapaa ya mahema mwanzo hadi mwisho. Sehemu pekee ambayo haina hema ni ile ninayoonekana mimi, natembea haraka haraka na simu sikioni.

Nikarudisha simu mfukoni, nikanyoosha kidole kwa mamlaka yote niliyopewa na ukoo.

"La katikati."

Siku ya ibada mambo yalikuwa moto. Mchungaji alikuwa mgeni, amehamishiwa pale mwezi ule ule. Wadogo zangu hawakuuliza kitu, waliamini mwenyekiti anajua. Kibao cha marumaru chenye jina la mama kikafunuliwa, watu wakapiga picha. Nakumbuka kuna bibi mmoja mwembamba, amejifunga kitenge cha kwaya, alinyoosha mkono muda mrefu sana. MC akamwambia maoni yote yaletwe kwa maandishi.

Baada ya watu kutawanyika nikabaki kusubiri mahema yafungwe. Nikakaa ukingoni mwa kaburi, pale kwenye tiles, sina simu ya kupokea wala mtu wa kumwelekeza.

Nikalia wakuu. Nililia mpaka yule kijana wa mahema akaja kuniuliza kama nimeumwa na nge.

Tangu siku ile nikawa naenda kila Jumapili mchana. Nilinunua maua ya plastiki soko la Majengo, mbuzi wakayatafuna hayo hayo, nikanunua mengine. Nilikuwa nafagia tiles, nakaa, naongea. Niliongea kuhusu watoto, kuhusu mke wangu ambaye tulikuwa hatuelewani, kuhusu bosi. Hata wimbo alioupenda mama niliuimba, na mimi sauti yangu ni ya kufukuzia ndege shambani.

Jumapili moja nikajikaza nikamwambia ile Alhamisi. Nikasema mama, nilikudanganya, nilikuwa nakula nyama, nisamehe.

Niliondoka pale mwepesi. Wiki ile nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu msiba. Mke wangu akaniuliza kama nimeanza dawa. Anayewaambia kwenda makaburini ni ushamba, mwambieni yupo mtu Dodoma amepona bila dawa.

Sasa mwezi uliopita.

Nimekaa zangu kwenye tiles, naona yule bibi mwembamba anakuja na fagio la chelewa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Akaongeza na salamu ya Kigogo, "Mbukwa. Za mjini?"

"Nzuri bibi."

Akasimama kidogo, akaangalia zile tiles. "Nilikuwa natafuta siku nikushukuru. Mzee wangu tangu azaliwe hajalala mahali pazuri hivi."

"Mzee yupi, bibi?"

"Huyo uliyemkalia."

Wakuu, nilisimama.

Akaniambia jina. Nimuite Mzee Ndahani, marehemu mume wake. Nikakaa tena. Mzee Ndahani ndiye yule jirani mwenye mbuzi. Ndiye ambaye mama alikuwa ananilalamikia kila Alhamisi. Mbuzi zake walimaliza uwele wa mama msimu mmoja, wakafikishana kwa balozi wa nyumba kumi, na toka hapo mama hakumsalimia mpaka mzee anakufa, miezi michache kabla yake.

Kwa hiyo mtu aliyesikiliza siri za ndoa yangu kwa miezi yote ile ni Mzee Ndahani. Aliyeimbiwa wimbo wa mama ni Mzee Ndahani. Na wale mbuzi waliokuwa wanatafuna maua ni wa kwake, walikuja kula nyumbani kwa baba yao.

"Bibi, kwa nini hamkuniambia?"

"Mimi si nilinyoosha mkono? Yule mwenye kipaza sauti akasema niandike. Mimi kuandika sijui."

"Na hizi Jumapili zote?"

"Nilikuwa nakuja nakukuta unalia. Mtu anayelia hakatizwi mwanangu. Nikasema ngoja amalize."

"Na watu wengine hapa kijijini?"

"Wengine walisema labda watu wa mjini mmepima viwanja upya."

Wanaoijua migogoro ya viwanja ya Dodoma wanaelewa.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtoto, "Mama yuko wapi?"

Akatangulia. Ni hatua sita tu, wakuu. Lile tuta la mwisho. Lilikuwa limefagiliwa, limezungushiwa mawe madogo kwa mpangilio, na upande wa miguuni mboga ya mlenda ilikuwa imeota, imechumwa vizuri ncha zake. Mimi nilikuwa nimelipita kila Jumapili, na siku moja niliegesha pikipiki karibu yake.

"Nani anafagia hapa?"

"Mimi. Wewe unamfagilia wa kwangu, nikaona na mimi nimfagilie wa kwako. Isingekuwa haki."

"Na ule ugomvi?"

"Ugomvi ulikuwa wao na mbuzi zao. Mimi na mama yako tulikuwa sauti moja kwenye kwaya."

Kisha akaniambia kitu ambacho sikumuuliza. Kwamba Alhamisi ile ya mwisho walitoka mazoezi pamoja. Kwamba mama alipiga simu wakiwa njiani, ikaisha upesi. Yeye akamuuliza mbona leo hamjaongea. Mama akacheka.

"Akasema mwanangu yuko kikaoni. Saa hizi watu wanakula, yeye yuko kikaoni. Akasema ndiyo maana nchi inakwenda."

Alikuwa ananisifia wakuu. Ule uongo wangu aliubeba njia nzima kama sifa.

Bibi akaniachia fagio, akaenda zake. Nikakaa chini kwenye udongo na suruali yangu ya Jumapili, nikaanza upya. Nilichomwambia Mzee Ndahani kirahisi, hapa kilinitoka kwa shida. Nilimwambia mama nchi haikuwa inakwenda, nilikuwa nakula nyama. Nilikaa mpaka jua likalala.

Kesho yake nikaandika kwenye group la ukoo. Niliandika nikafuta mara nyingi kuliko taarifa yoyote ya ofisi. Mwisho nikatuma: kaburi tulilojenga siyo la mama, nilielekeza bila kujua, naomba radhi.

Tiki za bluu zinaongezeka tu. Baadaye mjomba, yule asiyeandikaga, akaandika, "Mwenyekiti, tulikuamini." Shangazi akaweka mikono ya kuomba. Halafu mdogo wangu wa ughaibuni akauliza kama na mimi niliangalia mazishi kwenye video kama yeye.

Hilo liliniuma, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Fundi alirudi kuhamisha kile kibao cha jina. Safari hii aliponiuliza ni lipi, nilimwambia amuulize bibi. Tiles zimebaki kwa Mzee Ndahani, na jina lake tumemwekea. Tubomoe nini sasa, amenisikiliza miezi yote ile bila kunikatiza, mshauri wa nasaha gani anafanya hivyo? Kwa mama wadogo zangu walitaka tiles mpya. Bibi akasema mkiweka tiles, mlenda utaotea wapi. Tumeacha hivyo hivyo, mawe na jina.

Nimejifunza nini? Mtaniambia kaburi halina maana basi, kama nilipona kwenye la mtu mwingine. Nimelifikiria hilo. Mimi naona kilichonitibu pale ni kule kukaa, kwa sababu maisha yangu yote na mama sikuwa nimekaa. Marehemu wa watu alinifundisha kukaa. Lakini msamaha nilikuwa nimeupeleka anwani ya jirani, na usingizi wa siku hizi si kama ule wa kwanza, huu una uzito wake.

La pili, ukiwa na msiba wako, mwachie mtu mwingine jenereta. Spika zikikata zikatike.

Jumapili iliyopita nilikuwa pale, nimekaa chini, napanga mawe. Simu ikaita, bosi, anataka taarifa ya Jumatatu. Zamani ningesimama.

Nikapokea nikamwambia, "Mkuu, niko kikaoni, nitakupigia."

Ndicho kikao cha kweli nilichohudhuria mwaka huu.

Sasa zamu yenu wakuu. Mchwa wakishamaliza msalaba na mbuzi wakamaliza maua, bila kumuuliza mtu, unaweza kwenda ukakaa pale pale alipolala mama yako? Anayeweza aseme alikumbukaje. Asiyeweza asione aibu, aanze kwa kubisha hodi nyumba ya karibu.