Mkono Usioguswa

Mfupa uliunga, maumivu yakabaki. Krispina alikuwa ameteleza kwenye ngazi za soko la mji wa Lipa, zilizolowa maji ya samaki, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Daktari alipomfungua plasta alimwambia amepona. Lakini mkono uliwaka kama umepakwa pilipili. Hata upepo wa feni ulimuumiza. Basi akitoka nje aliukumbatia kifuani, akatanguliza bega la kushoto, akapita kando ya kuta.

Watu hawakuona jeraha. Waliona maringo.

Kwenye ubatizo wa mjukuu wa Edita, wifi yake, Krispina alikwenda kwa heshima ya marehemu mumewe tu. Alijibanza pembeni huku nguruwe wa kuchoma akikatwa mezani. Vijana wakaja kuomba baraka, kila mmoja akitaka kuushika mkono wake wa kulia na kuugusisha kwenye paji lake mwenyewe la uso, kama ilivyo desturi kwa wakubwa. Krispina akawapa wa kushoto.

"Tangu lini baraka zikatoka kushoto?" Edita aliuliza, sauti ikafika jikoni. "Au ukoo wetu unanuka?"

"Mkono unaniuma, wifi. Unajua."

"Mwaka wa pili huu unauma tu? Mbona juzi umebeba kapu la samaki?"

"Nililibeba kwa huu huu wa kushoto."

"Anaficha pete ya bwana mpya," shemeji mmoja akadakia. Wakacheka.

Edita akamwita mkwewe asogee na mtoto. Kisha akaudaka ule mkono wa kulia wa Krispina, akauvuta kumwelekea mtoto. "Mjukuu wangu hapewi makombo."

Macho ya Krispina yaliingia giza, na mkono wa kushoto ukafanya kazi bila kumuuliza: ulimzaba Edita kofi, kitana cha nywele zake kikaruka.

"Huo nao ni wa kushoto," akasema. "Niguse tena, nitakuongeza."

Alitoka bila kuaga, akatapika getini. Hakuna aliyemfuata ila maneno: mwendawazimu, mchawi.

Hakualikwa tena. Kanisani, akiingia, ukoo mzima humpisha, wakiwavuta watoto nguo. Benchi zima humbakia. Yeye huketi katikati, mkono mapajani, wala hakuna wa kuugusa. Edita hugeuka kutoka benchi la mbele akamkodolea macho ya chuki. Krispina naye humkodolea vilevile, mpaka mmoja wao achoke, na hachoki yeye.