Mwoka Mikate Aliyepelekwa Lurujo

Baba yangu hakujua kuoka hata andazi. Alikuwa dereva wa malori ya tumbaku, na Wahindi walipofukuzwa akagawiwa duka la mikate mjini Arua, pamoja na tanuri, mabati ya kuokea na harufu ya hamira iliyokuwa imeingia mpaka kwenye kuta. Mikate ya mwanzo tuliyoitoa ilinunuliwa na majirani kwa sababu ya ujirani tu. Kisha akaja Mkongo mmoja aliyefundishwa kazi na mapadri huko Bunia. Akachungulia ndani ya tanuri letu, akaangua kicheko, na haikupita wiki watu wakawa wanapanga foleni hadi barabarani.

Mimi nilikuwa kaunta. Nilikuwa msichana wa mdomo mkali, asiyedanganyika kwa chenji wala kwa sifa. Lakini yule bwana kila akileta mikate ya moto alinisogezea mmoja uliopasuka vizuri juu, wa kula mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha tulikuwa tumeelewana. Akasilimu. Baba akajivunia sana, akidhani ni mawaidha yake ya asubuhi yaliyomgeuza, nami sikuona sababu ya kumharibia furaha hiyo.

Ndipo ikaja amri kwamba kila mgeni anayefanya kazi awe na kibali, na kila kibali kiwe na mdhamini mwenyeji. Baba akapanda kilimani kwenye ofisi za serikali, akarudi amenuna. Jioni akakaa uani na shangazi, dada yake mkubwa, ambaye hapakuwa na jambo lililoamuliwa nyumbani kwetu bila yeye. Mimi nilikuwa pembeni nachambua mchele.

"Karatasi iko mzuri," alisema shangazi. "Mutu ya karatasi iko huru. Askari nauliza, yeye naonyesha, nakwisha."

"Na yeye akikosa? Akipiga mutu, akikimbia na mali ya mutu, nani nafungwa? Mimi. Kidole ya kwangu ndiyo iko pale." Baba akavuta kiti. "Tena dada, sikia. Mimi naandikisha yeye, sasa serikali najua: Mkongo iko hapa, nalala nyumba hii. Siku wanataka Wakongo, hawaulizi njia."

"Bila karatasi wanachukua yeye kesho."

"Basi iko njia ingine. Tunapeleka yeye Lurujo."

Lurujo, kule Koboko, ndiko uliko ukoo wetu. Sisi Wakakwa tuko Uganda, tuko Kongo, tuko Sudani, na watu wamekuwa wakioana, wakikimbia na kurudi tangu kabla mpaka haujawekwa. Mwoka mikate naye alikuwa Mkakwa, ila wa upande wa pili na wa ukoo mwingine. Mtu wa namna hiyo aliweza kupokewa kwetu: anachinjiwa mbuzi, anakula sahani moja na wana wa nyumba, anaonyeshwa mahali pa kujenga, na tangu hapo hata chifu humwandika kwenye kodi kama mtoto wa pale. Hakuna aliyeona kuwa ni uongo. "Undugu ni kufaana," alisema baba, na kwa kweli ulikuwa ukarimu. Matajiri wengine wa Arua waliwapa Wakongo wao vibali. Baba alimpa wa kwake mababu.

Tatizo lilikuwa mimi, na mimi sikuwa kwenye mizani. Mtu wa ukoo hamwoi dada yake. Kwa sheria ya dini, ndugu wa kupokewa si ndugu wa damu, na shehe angelisema hivyo kama angeulizwa. Lakini Lurujo hakuna ambaye angekunywa hata maji kwenye harusi kama hiyo. Ilitakiwa niinue kichwa pale pale niseme: baba, huyu usimfanye mwana, mfanye mkwe. Binti wa nyumba yetu hakusema maneno hayo kwa baba yake. Haya zilinishika, nami mwenye mdomo mkali nikaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi.

Asubuhi nikamfuata kwenye tanuri. "Utaenda?"

"Minafanya nini?" aliniuliza bila kuacha kukanda. "Baba yako anatoa mbuzi, anatoa ukoo. Mi niseme hapana, mi nataka binti yako?"

"Sema."

"Sema wewe. Iko baba yako."

Hakusema, sikusema, na tukanuniana kama watoto. Akaenda Lurujo.

Nasi tulikwenda, jamaa nzima. Mbuzi alichinjwa, wazee wakamtajia wale waliozaa mpaka tukafika sisi, naye akarudia majina vizuri. Lilibaki jambo moja. Kwetu, aliyepokewa hukaa sawasawa katika nyumba siku mabinti wanapomwita kaka mbele za watu. Wadogo zangu walimwita, wakamnawisha mikono, wakacheka. Mimi nilisema kichwa kinaniuma nikajilaza ndani, nikawasikia wanawake wakisema kwamba huyu wa Arua ameharibiwa na mikate ya Wahindi.

Tuliporudi mjini aliniambia taratibu, "Usiite." Sikuita. Tulijipa matumaini kwamba maadamu sijamwita kaka, ufa bado uko wazi, na kwamba baada ya Ramadhani tungempata wa kutusemea, labda shangazi. Miezi ikapita nikimwita "wewe", au nikikohoa ili ageuke. Baba alinigombeza: "Huyu iko kaka yako, hapana ukuta."

Ramadhani ilikuwa haijafika lori lilipokuja. Kulikuwa na ugomvi wa mpakani, na watu wa serikali walikuwa wanakusanya Wakongo. Walianza na wenye vibali, maana wanapolala palijulikana. Mwashi mmoja Mkongo, aliyekuwa akijenga mkabala na duka letu, alitoa karatasi yake kwa mikono miwili, wakaisoma, wakampandisha. Kisha wakavuka barabara wakaja kwetu.

Baba alikuwa safarini kutafuta unga. Foleni ilikuwa ndefu. Mwoka mikate alikuwa nyuma yangu, unga mpaka kwenye viwiko.

"Huyu Mkongo?" aliuliza askari.

Watu wote wakanitazama. Nilijua neno linalotakiwa, na nilijua litaondoka na nini.

"Hapana," nikasema. "Huyu iko kaka yangu."

"Kaka ya baba moja?"

"Baba moja. Ya Lurujo. Uliza hawa watu."

Foleni ikaitikia, ndiyo, ni kaka yake. Bibi mmoja akaongeza kwamba tangu utotoni alikuwa mtundu sana huyo, na watu wakacheka, hata askari. Akachukua mkate akaenda zake.

Nilimshukuru Mungu, na hapo hapo niliona aibu hata nikashindwa kugeuka. Aibu kwa sababu neno lilitoka laini, bila kukwama, baada ya kulikataa muda wote ule. Aibu kwa sababu mwashi alikuwa bado ameketi kwenye lori akitutazama, nami nilikuwa ninajililia mwenyewe. Na aibu iliyozidi zote: neno la kumfanya kaka nililisema mbele ya nusu ya mji, na lile jingine nilishindwa kulisema mbele ya watu wawili uani. Nyuma yangu nilisikia mlango wa tanuri ukifungwa.

Hatukulizungumza. Baba aliporudi na kusikia, alifurahi, akasema sasa nyumba imetulia, na kwamba kijana mwenye ukoo lazima awe na mke. Akamtafutia binti wa ukoo mwingine, ng'ambo ya Koboko, mpole na mzuri. Harusi ikawa Lurujo. Kumpokea bibi harusi, kumtandikia mkeka na kumpa chakula cha kwanza ni kazi ya dada mkubwa, na safari hii sikuumwa kichwa.

Alinishika mkono nilipoinama kumnawisha. "Wifi," alisema, "nasikia wewe ndiyo uliokoa yeye."

"Ndiyo," nikamwambia, nikamimina maji.